Kivuko ambacho asiyeona atavuka mwenyewe: vipimo, vifaa na mpangilio wa kazi

Kila ninapoitwa kwenye kikao cha barabara, msemaji wa kwanza huomba taa inayolia. Mwenyekiti wa mtaa huiomba, mhandisi huiahidi, na wenzangu wasioona hupiga makofi. Mimi taa hiyo naiweka mwisho. Sioni tangu utoto, nimekulia Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuwafundisha watu wazima waliopoteza uoni kutembea mjini kwa fimbo nyeupe. Wanafunzi wangu wanaoponea chupuchupu barabarani mara nyingi si wale walioingia kabla ya wakati. Wameingia zamu ikiwa ni yao kabisa, magari yamesimama, ila wameanza na mwelekeo uliopinda kidogo, na baada ya hatua chache wako katikati ya makutano. Mlio uliofungwa ovyo utamwambia mtu lini aende. Wapi aende, hautamwambia.

Asiyeona akifika barabarani ana mahitaji manne, na yanakuja kwa mpangilio huu: akipate kivuko, ajue amefika ukingoni, aelekee ng'ambo kwa mstari ulionyooka, kisha ajue saa ya kuingia. Ukivuruga mpangilio, fedha zote zitaishia kwenye mlio huku mtu bado anapapasa kukitafuta kivuko chenyewe. Ninaandika kwa ajili ya mhandisi wa halmashauri, fundi wa mkandarasi, kiongozi wa mtaa, na chama chochote cha wasioona kinachotaka kuingia kikaoni kikiwa na vipimo mkononi.

Mlete mwenye fimbo kabla ya kuleta zege

Usiwafunge wahandisi vitambaa machoni. Najua zoezi hilo linapendwa kwenye semina, lakini aliyefungwa kitambaa asubuhi hiyo hiyo anajifunza hofu tu. Hana masikio yaliyozoea wala mkono unaoijua fimbo, na akitoka hapo atajenga kivuko cha mtu aliyeogopa. Mwite mtu anayetembea na fimbo kila siku. Mwite pia mwenye uoni hafifu, kwa mfano mwenye ualbino, kwa sababu yeye hategemei fimbo kama mimi. Anategemea tofauti ya rangi, na jua la saa saba mchana linamwondolea tofauti hiyo.

Chukueni chaki, tepu ya kupimia na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Nendeni asubuhi watu wanapokwenda kazini, rudini mchana jua likiwa kali, na jioni ikiwezekana. Awepo mtu mwenye kizibao cha kung'aa wa kusimamisha magari. Mwenye fimbo aanzie mbali kidogo, kama mita 20 kabla ya kivuko, akitafute mwenyewe. Msimamizi akae nyuma yake, anyamaze, asiguse bega, aseme "simama" pale tu penye hatari. Kila aliposimama apigiwe alama ya chaki: alipokipita kivuko bila kukijua, mguu ulipotambua ukingo, vidole vilipoelekea wakati anajipanga kuvuka, na mahali hasa alipotokea ng'ambo. Alama hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote. Pimeni kwa tepu ametoka nje ya kivuko kwa kiasi gani, na upande gani.

Mlipeni nauli na posho kama mnavyomlipa mpimaji ardhi. Anafanya upimaji.

Akipate kivuko

Fimbo inafagia ardhi. Haigundui kitu ambacho sehemu yake ya chini imeanzia juu ya sentimita 70 hivi: ubao wa tangazo, kioo cha gari lililopaki juu ya njia ya miguu, mwamvuli wa wakala wa pesa za simu. Fimbo inapita chini yake, uso unagonga. Kwa hiyo chochote kinachoning'inia juu ya njia ya miguu kiwe juu ya mita 2.1, na kilicho chini ya hapo kiwe na kitako kinachofika ardhini ili fimbo ikiguse kwanza. Nyaya za kushikilia nguzo za umeme zinatuumiza sana, kwa sababu zinashuka kwa mshazari na fimbo inaukuta waya baada ya paji la uso. Vikeni waya huo bomba nene la rangi ya njano, na sehemu unapoingia ardhini jengeni kitako cha zege kinachoanzia pale ambapo waya unafika urefu wa mtu.

Kuhusu machinga na mamalishe, simo katika wanaosema wafukuzwe. Wanahitaji kula kama sisi. Nimeona kwamba ukiwapa mpaka unaogusika, yaani ukingo mdogo wa zege unaotenganisha eneo la biashara na mita moja na nusu ya kupita, wanauheshimu kuliko mstari wa rangi, na wenyewe wanakuwa wa kwanza kumkemea bodaboda anayeegesha hapo. Sauti zao, tena, ni alama zetu. Najua nimekaribia kituo kwa sababu ya muuza kahawa anayegonganisha vikombe.

Mitaro iliyo wazi ifunikwe, na mfuniko uwe wa zege. Wa chuma utaibiwa ukauzwe chakavu, na kinachobaki ni shimo ambalo jana halikuwapo, jambo baya kuliko mtaro uliokuwa wazi siku zote. Matundu ya kupitisha maji yasizidi milimita 13 kwa upana, la sivyo ncha ya fimbo inazama na kuvunjika. Na mianya mirefu ilazwe kukata njia ya mtembeaji, isilale kuifuata.

Sasa swali la kukipata kivuko chenyewe. Mtu anayetembea kandokando ya ukuta wa maduka hawezi kujua kwamba mita tatu kulia kwake kuna kivuko, labda aambiwe. Mwambie kwa mguu: tandika vigae vyenye vinundu kutoka kwenye kivuko moja kwa moja hadi ukutani, kama mkia, upana wa mita 1.2. Upana huo una sababu. Mkia mwembamba mtu ataupita kwa hatua moja bila kuukanyaga. Waingereza wamefanya hivi kwa muda mrefu kwenye vivuko vyao vyenye taa.

Ajue amefika ukingoni

Vigae vya vinundu vilianzia Japani. Miyake Seiichi alivibuni mwaka 1965, na vikawekwa kwa mara ya kwanza tarehe 18 Machi 1967 kwenye kivuko kilicho karibu na shule ya wasioona mjini Okayama. Leo viko duniani kote, na vina lugha mbili tu: vinundu vya mviringo maana yake simama, hapa pana hatari au uamuzi, mistari iliyoinuka maana yake fuata huku. Tafadhali msichanganye. Nimekanyaga mahali ambapo fundi alitandika vinundu njia nzima kwa sababu vilionekana vinapendeza. Mahali kama hapo kila hatua inasema simama, na mguu ukishazoea kupuuza utapuuza hata kwenye ukingo wenyewe.

Kwa nini tunavihitaji wakati ukingo wa jiwe upo? Kwa sababu kivuko kizuri hakina ukingo. Mwenye kiti mwendo anahitaji njia iteremke hadi iwe sawa na lami, mteremko usiozidi 1 kwa 12, yaani kushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 12, na ana haki hiyo. Lakini ule ukingo ulioondolewa kwa ajili yake ndio uliokuwa ukiniambia kwamba barabara imeanza. Vinundu vinaziba pengo hilo kati yake na mimi, na ndiyo maana rampu bila vinundu isijengwe kabisa. Wakati wa kupanga, mwenye fimbo na mwenye kiti mwendo wakae meza moja. Nimeshuhudia vikundi hivi viwili vikisikilizwa siku tofauti na kila kimoja kikiharibiwa njia yake na matakwa ya mwenzake.

Kimo cha kinundu kiwe milimita 4 hadi 5, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 23599 kinavyotaka. Chini ya hapo soli ya kiatu haisikii. Juu ya hapo mzee anajikwaa na kiti mwendo kinatikisika. Kina cha mkanda wa vinundu, ukipima kwa mwelekeo wa kuvuka, kisiwe chini ya sentimita 60. Kigae kimoja cha sentimita 30 ni hasara tupu: hatua ya mtu mzima inakiruka. Mkanda uenee upana wote wa rampu, pasibaki upenyo pembeni.

Hapa kwetu kuna tatizo la pevingi. Njia nyingi za miguu zimetandikwa matofali ya pevingi yenye kingo zilizokatwa na mianya ya mchanga, na fimbo ikipita juu yake inaruka ruka muda wote. Ukipachika vinundu katikati ya pevingi za namna hiyo, mkono hautambui tofauti. Zungushia mkanda wa zege laini, sentimita 60 kila upande, halafu vinundu vikae ndani yake. Tofauti kati ya laini na vinundu ndiyo inayosomeka, si vinundu peke yake.

Vigae viwe vya zege. Usinunue vinundu vya chuma vya kuchomeka kimoja kimoja, hata kama katalogi inapendeza, maana vitafuata njia ya mifuniko ya mitaro. Fundi anayefyatua pevingi anaweza kufyatua vigae hivi akipata kalibu ya plastiki yenye kimo sahihi. Rangi ya oksidi ichanganywe kwenye zege la juu, isipakwe baadaye, kwa sababu ya kupakwa huondoka kwa viatu na mvua. Njano juu ya zege la kijivu iliyokolea inasomeka vizuri kwa mwenye uoni hafifu. Lakini njano juu ya zege jipya jeupe, saa saba mchana, inapotea. Hapo weka mkanda mweusi kuizunguka. Huyo rafiki yako mwenye ualbino ndiye wa kusema imekubali au haijakubali, na aseme akiwa juani, si ofisini.

Mwelekeo

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, kwa sababu ndipo penye uhai wetu na ndipo wajenzi wanapopita haraka.

Chukua barabara ya leni nne, upana wa mita 14. Nikianza kuvuka nimepotoka kwa nyuzi 10 tu, kosa ambalo kwa macho ni dogo sana, nitatokea ng'ambo mita 2 na nusu pembeni ya pale nilipokusudia. Kivuko cha upana wa mita 4 kinanipa mita 2 kila upande nikianzia katikati. Nimeshatoka nje. Sasa barabara hiyo hiyo ikiwa na kisiwa katikati, yaani mahali pa kusimama kati ya leni za pande mbili, navuka mita 7 tu kwa mara moja, na nyuzi zile zile 10 zinanipotosha mita 1.2. Bado nimo ndani ya kivuko. Kisiwa ni kifaa cha mwelekeo kabla ya kuwa mahali pa kupumzika.

Kosa la mwanzo linatoka wapi? Mara nyingi linatoka kwenye rampu. Kwenye kona, mkandarasi hupenda kujenga rampu moja iliyokaa kwa mshazari ili itumike kwa vivuko vyote viwili. Mguu wangu unafuata mteremko, na mteremko huo unaelekea katikati ya makutano. Jenga rampu mbili, kila moja ikielekea ng'ambo yake, na ukingo wa chini wa kila moja ukate mwelekeo wa kuvuka kwa pembe mraba. Visigino vikiwa juu ya mstari huo, mwili wenyewe unaelekea sawa. Kama kona ni ya mviringo mkubwa na pembe mraba haipatikani, rudisha kivuko nyuma hadi mahali ukingo uliponyooka. Waenda kwa miguu wanaoona watalalamika wanazungushwa mita chache. Wavumilie.

Vitabu vya ng'ambo vinasema asiyeona ajipange kwa kusikiliza magari yanayokwenda sambamba naye. Ninafundisha hilo pia, na linafaa saa ambazo magari yanakwenda kwa mistari. Lakini Kariakoo saa kumi na moja jioni hakuna sambamba: bajaji imekata kushoto, bodaboda anakuja kinyume, daladala imesimama leni ya pili konda anapiga bati. Kwa hiyo mstari lazima uwe chini, unaogusika. Weka vigae vya mistari kwenye rampu, vikielekea ng'ambo, nyuma ya mkanda wa vinundu, ili mtu aulaze mguu juu yake kabla ya kuingia. Wajapani wameenda mbali zaidi: kwenye vivuko vingi wameweka njia nyembamba ya alama zilizoinuka juu ya lami yenyewe, katikati ya pundamilia, kutoka ukingo hadi ukingo. Fimbo au mguu unaifuata hadi mwisho. Kwetu jambo hili lina bei nafuu kuliko taa yoyote, kwa sababu rangi nene ya kuyeyushwa kwa moto, ile ile inayochorwa pundamilia, inaweza kuwekwa tabaka la ziada likawa mstari wa kugusika. Kama fedha yenu inatosha jambo moja tu kwa mwaka huu, fanyeni hili.

Kisiwa nacho kina masharti. Kiwe na kina cha mita 2 angalau, kipitike kwa usawa wa lami, na kila upande kiwe na mkanda wake wa vinundu wa sentimita 60, katikati pabaki laini. Kisiwa kikiwa chembamba, mikanda miwili inaungana na mtu hajui ameingia kisiwani au ameshatoka. Kwenye barabara za mabasi ya mwendokasi hili ni la kila siku, kwa sababu vituo viko katikati ya barabara na abiria lazima avuke leni za magari mengine ili afike kituoni. Kutoka kwenye kisiwa, vigae vya mistari viongoze hadi mlango wa kituo. Vikiishia njiani, mtu anajikuta kwenye njia ya mabasi.

Kuhusu madaraja ya juu ya waenda kwa miguu, nitasema kwa ufupi. Yanafaa kwenye barabara kuu zenye kasi. Ila yasitumike kama sababu ya kufuta kivuko cha chini mjini, maana ngazi ndefu iliyojaa bidhaa pande zote mbili inawatoa wazee, wajawazito na wenye kiti mwendo, na kwetu inageuka safari nyingine nzima.

Punguza mwendo wa magari

Watu hudhani asiyeona ana masikio ya ajabu. Hebu tupige hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kila sekunde. Kuvuka mita 7 kwa mwendo wa kawaida kunanichukua sekunde 7. Ili nijue njia ni nyeupe, inabidi nilisikie gari lililo umbali wa karibu mita 100. Usiku wa manane naweza. Penye jenereta, honi na spika ya muuza dawa za panya, siwezi, na hakuna binadamu anayeweza. Pikipiki na bajaji za umeme zinazoongezeka sasa hazisikiki hata zikiwa mita chache.

Kwa hiyo kivuko kisicho na taa kiinuliwe kiwe tuta bapa, usawa wa njia ya miguu, ili dereva apunguze hadi kilomita 30 au chini yake apende asipende. Kumbuka tuta bapa nalo linafuta ukingo, basi vinundu ni lazima. Kituo cha daladala kihamishwe kiwe mbele ya kivuko, magari yakiwa yameshakipita. Daladala ikisimama kabla ya kivuko inazuia sauti za magari yanayoipita na inamficha mvukaji kwa dereva wa leni ya pili.

Leni mbili za upande mmoja ni hatari ya peke yake. Dereva mwema wa leni ya kwanza anasimama, anapiga honi kuniambia nipite. Mimi sijui honi hiyo ni "karibu" au "toka", na mlio wake umefunika pikipiki inayokuja leni ya pili. Madereva, mkisimama kwa ajili yetu, simameni kimya, msipige honi, msiguse resi. Wahandisi, mahali kama hapo pundamilia peke yake haitoshi. Hapo sasa ndipo taa inapostahili.

Taa yenye mlio

Taa nzuri ina sauti mbili. Ya kwanza ni ya kutafutia nguzo: mlio mdogo wa kugonga mara moja kila sekunde, usikike mtu akiwa mita 2 hadi 4 tu, wakati wote. Ya pili ni ya kuvuka: milio ya kugonga ya haraka, 8 hadi 10 kwa sekunde, kwa muda wa taa ya kijani ya waenda kwa miguu peke yake. Juu ya kitufe pawe na mshale ulioinuka unaoelekea sawasawa na kivuko, na utetemeke kijani kikiwaka, kwa ajili ya asiyesikia wala kuona. Hakikisheni mshale haukugeuzwa wakati wa kukaza boliti. Mshale uliopinda ni uongo anaoambiwa mtu aliyeuamini. Kitufe kiwe kimo cha mita 1 hadi 1.2, karibu na mkanda wa vinundu.

Kwenye kona yenye vivuko viwili, nguzo mbili zitengane mita 3 au zaidi. Zikikaribiana, milio inachanganyika na mtu anavuka barabara isiyo yake. Japani walitenganisha mielekeo kwa sauti za ndege, kifaranga upande mmoja na kekeo upande mwingine. Kwetu sipendekezi, maana mji umejaa ndege na mtu lazima akariri ndege gani ni barabara gani. Sauti ipande na kushuka kulingana na kelele za barabarani, ikizidi kelele hizo kwa desibeli 5 tu. Spika ya kupiga kelele usiku kucha itakatwa waya na majirani, na watakuwa na haki.

Kuna kifaa kisicho na sauti ambacho Waingereza walikianzisha miaka ya 1980: kijipande cha umbo la pia chini ya kisanduku cha kitufe, kinachozunguka kijani kikiwaka. Unakishika kwa vidole, unasubiri kizunguke. Kinawafaa wasiosikia, na penye makelele ya sokoni kinafaa wote.

Muda wa kijani upigwe hesabu hivi: sekunde 7 za mtu kusikia, kujipanga na kuondoka, kisha sekunde moja kwa kila mita ya barabara. Mita 14 bila kisiwa zinahitaji sekunde 21 jumla, kabla magari hayajaachiwa.

Na jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote wa ng'ambo niliosomewa: trafiki. Dar es Salaam askari huongoza makutano kwa mkono saa za msongamano huku taa zikiendelea kuwaka. Taa ikilia "vuka" na askari ameruhusu magari, mlio huo unampeleka mtu kwenye magurudumu. Kabla ya kufunga milio, kaeni na kikosi cha usalama barabarani, wekeni swichi kwenye kisanduku cha taa ili askari auzime mlio akianza kuongoza kwa mkono. Mlio ukizimwa, mwenye fimbo atajua aombe msaada. Umeme ukikatika pia, kifaa kinyamaze kabisa. Kisibaki kikilia kwa betri dhaifu bila kufuata taa.

Maombi yaende wapi

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, za mitaa na wilaya chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Uliza kwanza barabara ni ya nani, maana barua ikienda kusiko itazunguka mwaka mzima. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, kwa hiyo barua yenye vipimo, picha za alama za chaki na mchoro wa mkono ifike kabla ya Desemba, mipango ikiwa bado inaandikwa. Mtaje kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, kwamba Ibara ya 9 inataja barabara waziwazi, na kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo. Barua ipitie serikali ya mtaa ili isaini nayo. Tarehe 15 Oktoba, Siku ya Fimbo Nyeupe, viongozi wanakuwa tayari kusikia. Wapelekeni kivukoni siku hiyo badala ya kuwakalisha ukumbini.

Na vigae vyenyewe vinaweza kufyatuliwa na sisi. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi isiyo na riba, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Kikundi chenye kalibu ya vinundu, mashine ndogo ya kufyatulia na mteja ambaye ni halmashauri yenyewe ni biashara inayoeleweka. Tena hakuna atakayekagua kimo cha kinundu kwa makini kuliko mtu atakayekikanyaga.

Baada ya ujenzi

Rudieni jaribio la chaki zege likikauka, na mwenye fimbo awe mtu mwingine, si yule wa kwanza ambaye ameshakijua kivuko. Akitokea ng'ambo nje ya mistari, tafuteni kosa kwenye rampu kabla ya kumlaumu yeye. Mkataba useme malipo ya mwisho ya mkandarasi yanasubiri jaribio hilo.

Baada ya hapo adui ni matope, lami mpya na mabomba. Mvua za masika zinajaza tope kati ya vinundu hadi vinakuwa sakafu. Mtu apewe ufagio na jukumu, na mara nyingi mamalishe wa pale pale atakubali kwa malipo kidogo. Lami mpya ikiwekwa juu ya ya zamani, inapanda ikazidi kimo cha rampu na mstari wa kugusika unafunikwa; sharti la kuurudisha liandikwe kwenye kazi ya lami tangu mwanzo. Wachimbaji wa mabomba ya maji na nyaya wakifukua, hurudisha kigae chochote kilicho karibu, kinundu mahali pa mstari, mstari mahali pa kinundu. Mwenyekiti wa mtaa awe na mchoro wa kivuko ukutani ofisini kwake, na kibali cha kuchimba kisifungwe hadi mtu mwenye fimbo apite juu ya kiraka hicho na kusema kimerudi sawa.